Ukuta wa Nyumba ya Minza

Usipoweza kuchora, saga rangi. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka mkidhani anamtuma mtu kazi. Hakuwa akimtuma mtu. Kaeni niwaeleze usemi huu ulikotoka, na anayetaka kusinzia akasinzie kwao.

Kijijini kwetu zamani bibi harusi hakuingia nyumba yenye kuta tupu. Ukutani palichorwa kwanza ng'ombe, ndege na watu wanaocheza ngoma, kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi. Mchoraji alikuwa Nkwimba. Rangi alisagiwa na mdogo wake, Holo, na kwa miaka ishirini hukumkuta mmoja kazini bila mwenzake.

Holo akafa. Mwezi uliofuata Nkwimba akaitwa kuchora nyumba ya watu. Alisimama mbele ya ukuta tangu asubuhi hadi adhuhuri, mkono usiinuke, akarudi kwake. Watu wakamsihi, wengine wakamsema kwamba anaringa. Maskini, hakuwa akiringa. Aliogopa kwamba kipaji chake kimezikwa pamoja na mdogo wake, na hofu hiyo hakumwambia mtu. Miaka miwili ikapita hivyo.

Ndipo Minza, binti wa Holo, akaposwa. Harusi ikapangwa baada ya mavuno, na mchoraji hakuna. Akaenda kwa Nkwimba.

"Mama mkubwa, sikuombi uchore," alisema. "Nitachora mwenyewe nitakavyoweza. Ila kusaga sijui. Nisagie."

"Msagaji alikuwa mama yako," Nkwimba akajibu.

"Ndiyo. Na jiwe lake liko kwako."

Nkwimba akalitoa jiwe. Siku ile alisaga shingo upande, harakaharaka, ilimradi amalize. Minza akachora, lakini kufika jioni rangi ilikuwa imekauka na kupukutika yote chini. Binti hakulalamika, alifagia tu. Nkwimba akaona haya, maana Holo hakuwahi kutoa rangi ya namna ile. Kesho yake akaanza upya, taratibu, akiuonja udongo hadi usikwaruze tena meno. Alisaga huku analia. Siku ya tatu rangi ikawa laini.

Sasa, msagaji ana desturi yake: rangi ikishakuwa tayari, huijaribu ukutani kwa kidole. Nkwimba akachovya kidole, akavuta mstari mmoja. Mstari ukashika vizuri. Akautazama, akaona ni mgongo wa ng'ombe, na ng'ombe haachwi bila pembe. Akatia pembe. Akatia miguu. Minza akasogea kando, akamshikia bakuli mpaka ukuta ukajaa.

Wako wasemao Minza alimtega. Hata! Nilimuuliza mwenyewe, akaniambia hakuwa na hila yoyote. Alitaka ukuta wake uchorwe, basi.

Siku ya harusi wanawake walimzunguka Nkwimba wakitaka kujua hamu ya kazi ameipata wapi.

"Miaka miwili niliketi nikiingoja, haikuja," akawaambia. "Nimekaa kwenye jiwe la Holo siku tatu, ikanikuta pale."

Tangu hapo, kwetu mtu akiikatia tamaa kazi yake, hatumwambii ajikaze. Hatumwiti mvivu. Tunamwambia: usipoweza kuchora, saga rangi.