Mbwa Huitwa Akitazama

"Mbwa huitwa akitazama." Mama yenu amewaambia hivyo asubuhi, nanyi mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi: palikuwa na mjinga mmoja, na mjinga huyo ndiye babu yenu huyu anayepukuchua mahindi mbele yenu. Nanyi pukuchueni, kusikiliza hakuhitaji mikono.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi. Nikapata mbwa mwekundu, nikamwita Mtasema, ili majirani wapate ujumbe wao kila ninapomwita. Jirani wa karibu alikuwa mjane, Mama Wakesho, mwenye mbuzi watano wa maziwa. Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Mwadime, mbwa wako anawakodolea macho mbuzi wangu."

"Mama, macho hayali nyama," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Mwezi haukuisha, Mtasema akaua mtoto wa mbuzi. Nilimwita jamani, nilimwita hadi sauti ikakauka, naye anakimbia kama asiye na masikio. Aliporudi anatikisa mkia, nikamchapa. Kesho yake akafukuza mbuzi tena, na safari hiyo hakurudi mpaka jioni. Nikafuata desturi ya wazee: nikamfunga shingoni ngozi ya yule mtoto wa mbuzi, anuse uvundo wake mpaka aichukie. Akatembea nayo kijijini kama bibi harusi, na siku ya tatu akaila.

Ndipo akaja Mwakio, mzee wa kijiji, na kamba mkononi. "Wiki tatu," akasema. "Asipobadilika, namnyonga."

Msicheke. Bibi yenu alikuwa na mimba ya mama yenu, na nilipoteremka kwenye mashamba ya mkonge siku nzima, aliyelala mlangoni pake ni Mtasema. Sikulala usingizi.

Asubuhi Mama Wakesho akabisha hodi. Amebeba kamba ndefu ya katani na ini la kuchoma kwenye jani la mgomba.

"Mama, mimi nimekutia hasara. Mbona unanisaidia?"

"Huyu akinyongwa utaleta mwingine, na mjinga atabaki yuleyule. Haya, mfunge kamba."

Tukasimama mbali, ng'ambo ya mfereji, mbuzi wakila upande wa pili. "Ulimpiga aliporudi," akasema, "ukamfundisha kutorudi. Sasa usiwatazame mbuzi. Mtazame mbwa."

Nikamtazama. Masikio yakasimama. Mkia ukatulia. Mguu mmoja wa mbele ukanyanyuka, ukabaki hewani.

"Hapo. Mwite."

Nikamwita kwa sauti ya kawaida, naye akageuka, mimi mwenyewe nikashangaa. Nikampa kipande cha ini. Nikichelewa kidogo tu, alichomoka mpaka kamba ikamzuia, na hapo ini alikosa. Kila siku tulisogea hatua chache. Mikono yangu ilinuka ini hata bibi yenu akakataa nimpakulie chakula.

Siku ya mwisho Mwakio akaja, kamba begani. Mtasema hakufungwa chochote. Mama Wakesho akafungua zizi, na mtoto wa mbuzi akatoka akirukaruka. Nilikuwa na utani wa kumpiga Mwakio, umeshafika ncha ya ulimi. Nikaona masikio yamesimama. Nikaumeza utani.

"Mtasema."

Akatetemeka mwili mzima. Akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaja. Nikapiga magoti nikamkumbatia mbele ya watu, na sioni haya kuwaambia. Mama yenu alizaliwa mlango ukiwa na mlinzi wake, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi walewale. Mpaka leo nikipita kaburini kwa Mama Wakesho, kofia naivua.

Lakini siku ile Mwakio hakuridhika. "Ini tu hilo. Mbwa ni mbwa," akasema. "Siku atakapokimbia tena, nitarudi na kamba hii."

Mama Wakesho alikuwa ameshachuchumaa anakamua. Hakuinua hata kichwa.

"Rudi nayo, mzee. Ila usimfunge mbwa, mfunge Mwadime. Mbwa huitwa akitazama. Akikimbia, mwenye kosa ni aliyenyamaza."