Sultani Aliyeyapa Maneno Talaka

Hapo zamani, paka na panya wakiwa bado majirani wema, palikuwa na mji uitwao Kitangoni, na Sultani wake aliitwa Tamimu bin Shaha. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda jambo lolote litendeke bila ruhusa yake. Jogoo akiwika kabla yeye hajaamka, aliuliza kamtuma nani.

Basi ikawa mwaka mmoja akapata mgeni, Mwingereza mrefu, mwembamba, mwenye adabu nyingi. Sultani akataka afundishwe lugha ya mgeni wake, akafundishwa, akayabugia maneno kama mtu alaye karanga. Baada ya muda akajiona ameiva. Siku hiyo mvua ikanyesha, mvua kubwa ya kupasua migomba, naye akasimama dirishani mbele ya baraza zima akatamka kwa Kiingereza, "Leo mvua ni nene."

Mgeni akauma mdomo. Kwao mvua ya namna ile huambiwa nzito. Nene haiambiwi hata siku moja. Ikaletwa chai, chai iliyokolea hasa. Sultani akaionja, akatikisa kichwa kama bingwa, akasema, "Na chai hii ni shujaa."

Kwao chai ya hivyo ni chai yenye nguvu, lakini chai shujaa! Maskini mgeni, chai ikamtokea puani, akacheka hata akashika nguzo asianguke. Na watu wa baraza, wasiojua hata neno moja la Kiingereza, nao wakacheka, kwa kuwa kicheko hakihitaji mkalimani.

"Nzito na nene si ndugu?" akauliza Sultani, uso umemwiva.

"Ni ndugu, Bwana, lakini mvua imezoeana na mmoja tu."

"Nani aliyewaozesha?"

"Hakuna, Bwana. Wamezoeana wenyewe, vinywani mwa watu."

"Na mfalme wenu hakuulizwa?"

"Hakuulizwa."

Sultani akashtuka kuliko mtu aliyekanyaga nyoka. Tangu hapo akawa anatega sikio, na alichokisikia kilimkosesha raha. Kumbe hata mjini kwake maneno yalikuwa yakioana kwa siri! Mpishi hakusema maziwa ni meupe, alisema meupe pe. Mtumishi hakusema ghala lina giza, alisema giza totoro. Mlinzi akikutwa amelala, Waziri Nasibu alisema amelala fofofo. Kila neno limeshikana mkono na mwenziwe, na hakuna hata moja lililokuja kubisha hodi likaomba ruhusa.

"Huu ni uasi," Sultani akamwambia Waziri. "Leo yameshikana mawili mawili. Kesho yatashikana kumi kumi, yatakuwa jeshi."

"Hakika, Bwana," akasema Waziri, ambaye hakika yake haikuwahi kupungua.

Basi mpiga mbiu akatumwa sokoni, akapuliza baragumu, akasema, "Enyi watu! Bwana wetu amri yake ni hii: maneno mawili yaliyozoea kuandamana yamepewa talaka, na yasionekane tena katika kinywa kimoja. Atakayeyaunganisha, naye atatenganishwa na mwenzake, huyu kaskazini na huyu kusini!"

Mzee mmoja akauliza, "Kwa mfano, maneno gani?"

Mpiga mbiu akafungua kinywa, akamkumbuka mkewe, akakifunga. "Nendeni mkafikiri," akasema, akashika njia.

Ehe! Mji ukageuka kichekesho. Aliyenyeshewa na mvua alifika kwake akitweta, "Nimelowa... nimelowa... nimelowa sana kidogo." Bwana harusi mmoja alitaka kuyasifu meno ya bibi harusi, akaanza, "Meno yako meupe," akakwama hapo, akamalizia, "kwa kweli yapo." Ndoa hiyo ilitaka kuvunjika. Na katika mtaa wa wasuka kamba palikuwa na majirani wawili wajanja: mmoja alitokeza kichwa mlangoni akasema, "Leo jua!" na wa ng'ambo akajibu, "Kali!" kisha wote wakajifungia ndani wakicheka.

Sasa, mjini humo palikuwa na fukara mmoja jina lake Ngwali. Alikuwa msuka majamvi, lakini jamvi lake likifika nusu alilitazama, akaliona lamtosha kulalia, akalala. Watu walimwita mpumbavu, naye hakukataa, kwani mpumbavu hasumbuliwi. Mkewe, Bi Mboja, aliuza pilipili sokoni, na ndiye aliyewalisha wote wawili. Ngwali alimpenda mke huyo kupita kiasi, na hakuona haya kulisema mbele za watu, ingawa Bi Mboja alimwambia anyamaze asuke.

Miaka yote Bi Mboja alinadi, "Pilipili nyekundu pyu!" Ilipotoka amri akawa anaishia kwenye nyekundu, na ile pyu inamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alivumilia. Mpaka siku moja akapita mnunuzi, akaokota pilipili moja, akaigeuza, akasema, "Mbona zimepauka?"

Zimepauka! Ungeweza kumwambia Bi Mboja kuwa ana pua ya bata, angecheka. Lakini pilipili zake?

"Yamepauka macho yako!" akafoka. "Pilipili zangu nyekundu pyu! Pyu, wasikia? Pyu!"

Askari alikuwa nyuma yake. Akakamatwa, akahukumiwa: Ijumaa baada ya sala apelekwe kwenye mashamba ya chumvi ng'ambo ya milima, asirudi tena Kitangoni.

Habari zilipomfika Ngwali, alilia kwa sauti, katikati ya njia, bila kujificha. Alipomaliza alijifuta, akaenda jumbani kwa Sultani vivyo hivyo alivyo, miguu mitupu na vumbi mpaka magotini.

"Mungu akupe umri, Bwana wangu."

"Nawe akupe akili. Una shida gani?"

"Nimekuja kumwombea mke wangu. Kosa si lake, Bwana. Maneno yale yamezoeana tangu babu zetu. Ukilitoa moja, la pili lafuata lenyewe."

"Uongo!" akasema Sultani, akapiga mkono wa kiti chake. "Neno ni neno. Totoro laweza kuishi peke yake, ila ninyi mmelidekeza, kila mwendapo mwalipeleka na giza lake. Sasa sikiliza. Niletee totoro, peke yake, pasipo giza, nilione kwa macho yangu haya mawili. Ukilileta, mchukue mkeo. Ukishindwa, yeye ataenda chumvini, wewe utaenda upande wa pili wa nchi, na hamtaonana mpaka kiyama."

Watu wa baraza wakainamisha vichwa kwa huruma. Waziri akatabasamu. Ngwali akasema, "Nimesikia, Bwana, na nimetii," akatoka.

Akaanza kutafuta. Akamwuliza mhunzi, "Hukumwona totoro akipita?"

"Yukoje?"

"Sijui. Sijapata kumwona bila mwenzake."

Akamwuliza mchinjaji, akamwuliza na muuza tende. Wote wakatikisa vichwa, wakasema maskini Ngwali, ile akili kidogo aliyokuwa nayo imekwenda na mkewe. Akarudi nyumbani adhuhuri, akakuta jiko limepoa na chungu kimefunikwa. Nyumba bila Mboja ilimwelemea. Akaona heri atoke tena, akatafuta kofia, hakuiona. Akafungua kasha kubwa la mkewe, lile alilorithi kwa mama yake, akaingiza kichwa, akaingiza na mabega, na mara kifuniko kikamwangukia.

Alipokuwa mle ndani alipiga kelele, akasema jambo. Alisema nini? Subirini, haraka haraka haina baraka. Ninalowaambia ni kwamba alitoka mle kofia imepinda, akacheka peke yake, akacheka mpaka mbuzi wa jirani akaja kuchungulia.

Ijumaa ikawadia. Baraza likajaa watu, na Bi Mboja akaletwa, mikono imefungwa kwa kamba. Alipomwona mumewe akiingia na wapagazi wanne wenye kasha, akasema kwa uchungu, "Kasha la mama yangu unalipeleka wapi, ewe mwanamume?"

"Nyamaza, Mboja. Nakutoa."

Wapagazi wakalitua kasha mbele ya kiti cha enzi.

"Umelileta?" akauliza Sultani.

"Limo, Bwana. Limo peke yake. Lakini ni neno lenye haya, halijazoea watu. Mwanga ukiingia tu, latoroka. Halionekani ila kwa mtu aliyemo ndani pamoja nalo, kifuniko kikiwa kimefungwa."

Waziri akasogea. "Bwana wangu, usijisumbue. Nitaingia mimi, nikueleze."

"La, Waziri," akasema Ngwali kwa unyenyekevu. "Bwana alisema alione kwa macho yake haya mawili. Hayo yako hakuyataja."

Sultani akamtazama Ngwali, akalitazama kasha. Alijua pana hila, lakini hamu ya kuona kitu ambacho hakuna sultani aliyepata kukiona ilimshinda. Akashuka kitini, akavua viatu, akaingia kashani kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akajikunja, magoti yakagusa kidevu. Kilemba kikakataa kuingia. Ngwali akakisukuma kwa heshima. Kifuniko kikafungwa, ko!

"Bwana wangu, umekaa vizuri?"

"Nimekaa vibaya."

"Umeliona?"

"Sioni kitu."

"Tazama kwenye pembe, Bwana. Hupenda pembe."

Kasha likatikisika. "Pembe ipi? Sioni pembe!"

"Upande wa mkono wa kulia."

"Mkono wenyewe siuoni!" Sultani akapaza sauti, na jasho lilikuwa limekwisha mwingia machoni. "We Ngwali, wanichezea? Nitaonaje, na humu ni giza totoro!"

Baraza lote likanyamaza jii. Mpiga mbiu akaziba masikio, lakini alikuwa amechelewa.

"Naam, Bwana?" akasema Ngwali. "Sikusikia vizuri."

"Nasema giza totoro! Giza totoro, ewe mwendawazimu! Giza totoro tupu! Nifungulie!"

Ngwali akafungua. Sultani akainuka kilemba kimemfunika jicho moja, akatweta, akawatazama watu, na watu wakatazama dari. Hapo ndipo alipojisikia alichokisema.

"Bwana wangu," akasema Ngwali, "naapa nilitia totoro peke yake. Nilikagua kasha kabla ya kulifunga, hapakuwa na mwingine. Giza sijui limepitia tundu gani. Hivyo ndivyo lilivyo, hata ukilifungia nje, humfuata mwenzake."

Hakuna aliyecheka, kwa hofu.

"Na amri yako, Bwana, twaijua sote. Mwenye kuyaunganisha atatenganishwa na mwenzake. Sasa twauliza, mimi na mke wangu: mwenzake Sultani ni nani?"

Macho yote yakageukia kiti cha enzi. Na Sultani naye akageuka, akiwa bado amesimama kashani, miguu mitupu. Alikuwa hajapata kukitazama kiti kile kutoka mbali. Kilikuwa kitupu, au tuseme, hakikuwa kitupu, maana paka wa jumba alikuwa amekwisha ona mto wenye joto, akapanda, akajikunja juu yake, na Waziri Nasibu, kwa mazoea, alikuwa anamwinamia.

Sultani akamtazama paka. Akamtazama Waziri. Mdomo ukaanza kumcheza, mabega yakamtikisika, akaangua kicheko, akacheka mpaka akaketi tena ndani ya kasha. Baraza likaripuka. Mgeni Mwingereza akashika nguzo yake ileile.

"Basi yatosha," akasema Sultani akijifuta machozi. "Lakini niambie, Ngwali, maana ndilo linaloniuma. Nani aliyewaozesha hao wawili?"

"Hakuna, Bwana. Hata mimi na Mboja kadhi alituozesha siku moja tu. Siku nyingine zote tumejiozesha wenyewe. Yeye akiita, mimi nimekwisha fika mlangoni. Hayo hayakuwa kwa amri, na ukituweka milima saba kati yetu, akiita huko, mimi huku nitaitika."

Bi Mboja akainamisha uso. Alikuwa analia, na hakutaka mtu aone, hasa Ngwali.

Sultani akatoka kashani. Kisha akasema, "Mfungueni mama huyu. Na mpiga mbiu apite mtaa kwa mtaa, maneno yote yarudiane na wenzao bila mahari."

Sultani akalirudisha kasha limejaa kanga pomoni. Na mgeni alipokuja kuaga, akataka kumfurahisha mwenyeji wake kwa Kiswahili, akasema, "Bwana Sultani, roho yako ni nyeupe totoro." Sultani akacheka, akamwambia sasa wamekuwa sawa, akamwagizia chai shujaa.

Kuanzia siku ya pili Ngwali alimfuata mkewe sokoni. Bi Mboja husimama upande huu akinadi, "Pilipili nyekundu!" na kutoka upande wa pili wa soko, juu ya nusu jamvi, sauti ya mtu aliyelala chali hujibu, "Pyu!"

Na watu wa Kitangoni wakayazoea majina yale hata wakashindwa kuyatenga. Ukimtaja Mboja, ulimi wasema Ngwali kabla hujafunga kinywa. Hakuna aliyeamuru. Hekaya yangu nimeitua hapa. Asiyeamini, na aingie kashani.