Mkono Uliokimbilia Mlango wa Ndege

"Ndege haiangushwi na mlango, huangushwa na mkono wa kuufunga." Ndivyo baba yenu alivyomwambia kaka yenu Gaudensi jana, huyo Gaudensi aliposema atavunja uchumba wake kwa maneno ya kusikia. Mlicheka, mkadhani methali hiyo ameitunga papo hapo. Hakuitunga. Hapa Lukande tumeisema miaka arobaini sasa, na mkiuliza ilitoka wapi, niulizeni mimi bibi yenu, maana nilikuwamo ndani ya ndege hiyo. Prisila, weka simu chini.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati. Masika ya mwaka ule mto ulibeba daraja, na Anyesi, mke wa kijana mmoja aliyekuwa kibaruani kwenye mashamba ya miwa, alishikwa na uchungu hadi siku ya pili bila kujifungua. Mtoto alikuwa amelala mkingamo tumboni. Bila upasuaji wangekufa wote wawili. Niliita ndege kwa redio, kisha nikaenda kuomba ruhusa kwa wakwe zake.

Aliyenizuia ni shemeji yake, Severini, kaka mkubwa wa mume. "Wanawake wa nyumba hii huzalia hapa hapa, Sista," alisema, na asubuhi nzima hakutikisika. Lakini ngurumo ya ndege iliposikika juu ya bati, akabadilika ghafla. "Haya, aende. Ila nami nakwenda."

Hapo moyo wangu ukaingia mdudu. Aliyekataa tangu alfajiri, sasa anataka kupanda? Halafu palikuwa na maneno kijijini kwamba alimposa Anyesi kabla ya mdogo wake, akakataliwa. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikaapa sitamwondolea macho.

Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili mgonjwa alazwe, tukabakiwa na nafasi finyu, Severini kando ya mlango na mimi nyuma ya rubani. Rubani aliitwa Mhagama, mtu wa maneno machache. Aliubamiza mlango, akausukuma kwa bega kuujaribu, kisha akazunguka mbele kukagua magurudumu. Papo hapo mama mkwe wa Anyesi akafika mbio na bakuli la unga. Katika ukoo wao, mgonjwa haondoki kabla mama mkwe hajampaka unga kwenye paji la uso. Severini akamfungulia, bibi akampaka, na Severini akafunga. Rubani hakuona. Mimi niliona, nikaliweka moyoni.

Tukakimbia juu ya nyasi na matope hadi magurudumu yakaachana na ardhi. Miti ya mwisho wa uwanja ilikuwa chini yetu tu, mlango ulipofyatuka. Upepo ukaingia kwa kishindo, kadi ya kliniki ya Anyesi ikaruka nje. Mlango wenyewe ulibaki wazi kiasi cha kiganja, ukitetemeka, kwa sababu upepo wa nje uliuzuia usifunguke zaidi. Hilo nalijua leo. Siku ile niliona kaburi.

"Umeufungua!" nilimpigia kelele Severini.

"Sista, sikuugusa!"

"Muuaji wewe! Ulikuwa unangoja tupae!"

Nikafungua mkanda wangu, nikaruka juu ya Anyesi, nikaukamata mlango na kuuvuta. Haukuja. Nikajiinamisha zaidi, na hapo nikahisi mkono umenishika gauni mgongoni. Anataka kunitupa, nilijiambia. Sikuwa na shaka hata chembe. Nikapiga yowe, nikashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ukosi wa shati la rubani. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Mhagama akaja nyuma pamoja na usukani wake. Pua ya ndege ikainuka, king'ora kikaanza kulia, na ndege ikalegea chini yetu. Anyesi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiguna tu, akafumbua macho, akanitazama mimi.

"Sista," alisema, "unaniua."

"Niachie, mama!" Mhagama naye alisema, bila kugeuka. "Mlango uache wazi. Niachie mimi."

Nikamwachia. Akashusha pua kuelekea miti ile ile, nami nikadhani naye ameingia kwenye njama. Kumbe ndege ilihitaji kasi. Ikashika nguvu, king'ora kikanyamaza, tukazunguka kijiji taratibu na mlango wetu wazi, tukatua kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Sikungoja hata injini izimwe vizuri. "Mkamateni huyu!" niliwaambia watu waliokuja mbio. "Ametaka kutuua!"

Mhagama alikagua kitasa, akakiona kizima. Akamgeukia Severini. "Ulipoufunga, uliufungaje? Hebu nioneshe."

Severini akaushika mlango kwa mkono mmoja, akausukuma polepole, polepole, mpaka ukagusa tu. Hapakusikika hata sauti.

"Ndani kuna mgonjwa," alisema. "Mlango wa mgonjwa haubamizwi."

Kwetu, kubamiza mlango wa chumba cha mgonjwa ni kumwitia mauti, na kila mmoja pale angeufunga vile vile, mimi nikiwa wa kwanza. Nikamwangalia mkono wa pili. Alikuwa bado ameshika kipande cha gauni langu jeupe, kimechanika.

"Ulikuwa unatoka nje, Sista," alisema.

Niliona haya ambayo sijaiona tena maishani. Nikamuuliza rubani kwa sauti ndogo kama ule mlango ungeweza kutuangusha.

Mhagama akaubamiza kwa nguvu, bibi mwenye bakuli akashtuka. "Ndege haiangushwi na mlango, mama," alisema. "Huangushwa na mkono wa kuufunga." Kisha akapanda, tukaruka tena.

Anyesi alipasuliwa saa nane mchana, akapata binti, wote wawili wazima. Severini alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, hajala kitu. Nilimuuliza kwa nini alitaka kuja. Akasema mume hayupo, na mgonjwa wao hapelekwi na watu wa nje peke yao. Ni hilo tu.

Waliobaki uwanjani waliyabeba maneno ya rubani, na hadi leo ukimwona mtu anaharakisha kurekebisha kosa dogo mpaka analeta msiba, utasikia anaambiwa hivyo. Wengi hudhani mkono unaosemwa ni wa Severini. Hata baba yenu anadhani hivyo, kwa sababu sijawahi kumweleza. Ninyi nimewaeleza. Ndege haiangushwi na mlango, huangushwa na mkono wa kuufunga, na mkono wenyewe ulikuwa huu wangu.