Picha ya Ubongo wa Nakijwa

"Kwani kichwa cha mzee na cha kijana si vichwa vyote?" Jirani yangu Mama Senzighe aliniuliza hivyo mwaka ule tulipopigwa picha za kichwa, nanyi wajukuu zangu leo mmeniuliza karibu lile lile. Mmesikia watu wakisema: kichwa cha mzee hakipimwi kwa kofia ya kijana. Neno hili lilitoka kinywani mwa dada yangu Nakijwa, na lilitoka hivi.

Nakijwa alikuwa na miaka themanini na mbili. Siku moja alisahau maharage motoni, yakaungua. Mwanawe Mbonea akampeleka hospitali, akapigwa picha ya ubongo. Daktari akailinganisha na picha ya mfano iliyokuwa kwenye kompyuta, akaona ubongo umesinyaa. Akaandika: ugonjwa wa kusahau. Mbonea akaifunga nyumba ya mama yake kwa kufuli, akamweka chumba cha uani kwake. Hata kuwasha moto alikatazwa. Nikienda kusali naye, ni mimi niliyekosea mistari ya Zaburi, yeye akinisahihisha. Lakini karatasi ilishasema.

Baadaye akaja daktari mwingine, binti aitwaye Anasia. Akauliza ile picha ya mfano ilitokana na nani. Kumbe ni wanafunzi wa chuo, wa miaka ishirini na kitu, maana ndio waliokubali kulala kwenye mashine. Akatuomba sisi wazee tulio wazima tupigwe picha pia. Tukaenda arobaini, mmoja mmoja. Mle ndani kelele kama kinu cha kusaga. Nilisali Baba Yetu mara tisa. Picha zetu zikaunganishwa, ukapatikana mfano wa umri wetu. Miezi kumi na minne. Kuchoka tulichoka, na Nakijwa bado yuko uani.

Mwisho Nakijwa akaitwa pamoja na mwanawe, nami nikafuatana nao.

"Nimemlinganisha mama na wenzake," daktari akasema. "Yuko sawa. Mwanzo alilinganishwa na wanafunzi."

"Na maharage yaliyoungua?" Mbonea akauliza.

"Mkeo ameunguza mara mbili mwezi huu," Nakijwa akasema. "Mbona yeye hujamleta kwenye mashine?"

Mbonea akainama. Akaanza kueleza kwamba alimhofia tu, kwamba alifuata kilichoandikwa. Nakijwa akanyoosha mkono, akaungoja ufunguo wa nyumba yake mpaka ukawekwa kiganjani.

"Kichwa cha mzee, mwanangu, hakipimwi kwa kofia ya kijana."

Akajitanda khanga yake, akatoka kwenda kuifungua nyumba yake.