Fisi Aliyetaka Njia ya Meseji Izibwe

Hadithi imefika mlangoni.
— Iingie, tumeshakaa!
Imekuja na nini?
— Na mdomo wake!

Hapo kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo tayari, wanyama wa Majabali Mekundu walikuwa na blogu yao. Blogu hiyo iliendeshwa na programu huria, yaani kila mnyama aliruhusiwa kuichukua bure, kuifungua ndani na kuirekebisha. Aliyeitunza ni Nungunungu. Hakulipwa na mtu. Akishamaliza kuchimba mizizi yake ndipo anakaa kuitengeneza, tayari amechoka.

Ndani ya programu hiyo kulikuwa na kitu cha zamani kilichoitwa njia ya meseji. Mwenye simu ya kitochi anaandika meseji, anaituma, na habari yake inatokea kwenye blogu. Hapo hapo inawafikia wenye vitochi wengine wote. Tii-tii! Wenye simu kubwa walikuwa wameshaisahau njia hiyo. Lakini juu ya majabali, alikoishi Mama Pimbi na watoto wake, mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Picha hazikupita. Meseji zilipita.

Basi Kanga akimwona Fisi bondeni, anaandika, "Fisi anapanda." Tii-tii! Mama Pimbi anasoma, anawaita watoto, wote wanaingia kwenye ufa. Fisi akifika, anakuta mawe. Kesho yake Digidigi anaandika, "Fisi anapanda." Tii-tii! Watoto ndani. Fisi anakuta mawe.

Fisi akachoka kukuta mawe. Akaenda kwenye mkutano wa programu, akasema kwa upole kabisa kwamba njia ya meseji imezeeka. Aliyeiandika hajulikani. Wezi wanaweza kupenya hapo. Matangazo ya waganga yanaingilia hapo hapo. Na hayo yote yalikuwa kweli. Nungunungu aliyasikia akaona amepata mtu wa kumhurumia, maana yeye ndiye aliyekuwa akiyafuta hayo matangazo kila asubuhi.

Walikuwa na desturi yao. Kitu hakiondolewi mpaka kizibwe kwanza, wasikilize nani atalalamika. Wakaiziba. Wakasikiliza. Kimya. Mwezi ukaisha, ukaandama mwingine, kimya. Hawakufikiri kwamba wale walioitumia njia ile hawakuwa na njia nyingine ya kupitishia malalamiko.

Mama Pimbi, kwa upande wake, aliona simu imetulia akadhani Fisi amehama. Asubuhi moja alikuwa akiota jua na watoto, pua ya Fisi ikachomoza juu ya jabali. Mama Pimbi akapiga mluzi, fiii! Watoto wakatawanyika. Yule mdogo wao akashikwa mguu. Mama akairukia ile pua, akaiuma kwa meno yote aliyopewa, mpaka Fisi akaachia. Mtoto akaingia kwenye ufa akichechemea.

Mama Pimbi akawaandikia wenzake, "Mbona hamkusema?" Hakujibiwa. Akaandika tena. Hakujibiwa. Hapo akaelewa. Akawaacha watoto kwa dada yake, akashuka kwa miguu hadi mkutanoni, akijificha kutoka kichaka hiki hadi kile.

Alikuta wanajiandaa kuiondoa njia moja kwa moja.

"Karibu, shemeji," Fisi akasema. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, shemeji. Na hiyo pua?"

"Mwiba tu."

Mama Pimbi alitaka kusema yote. Lakini akawatazama waliokuwepo. Wote walikuwa wamekaa mbali na Fisi, na wote walikuwa wanakubaliana na Fisi. Akaona akieleza atapewa pole, atapewa na maji ya kunywa, kisha njia itaondolewa.

"Iondoeni," akasema. "Nimekuja kuuliza tu. Wenzetu wa kule juu hawajui kuwa imezibwa, bado wanatuma. Hizo meseji zinakwenda wapi?"

Nungunungu akamwambia haziendi popote, zinapotea.

"Inasikitisha. Tumbili alituma kwamba nyumbu amevunjika mguu, amefia korongoni. Mnene, hajaguswa na mtu. Nasikia ameoza hivi hivi."

Fisi akameza mate. Glu!

"Kisha kuna mbuzi wa wachungaji aliyeanguka—"

Glu! Fisi akasimama. Akasema kupoteza meseji za watu si adabu, zielekezwe kwenye simu yake, atazipokea yeye kwa kujitolea.

"Zote?" Nungunungu akauliza.

"Zote."

"Kwako peke yako?"

"Nani mwingine ana nafasi?"

Nungunungu akamkumbusha desturi. Aliyeomba badiliko anabaki nalo, mpaka arudi mwenyewe mbele ya mkutano na kueleza kwa kinywa chake kwa nini liondolewe. Fisi akasema aandike haraka, njaa inamuuma. Nungunungu akaandika.

Mama Pimbi akarudi juu. Njiani akapita kwa Kanga, akapita kwa Digidigi, akapita kwa Tumbili. Akamwambia kila mmoja neno moja tu: tumeni kama zamani.

Fisi akaenda kumwinda Digidigi. Akanyata, akanyata, akanyata. Kanga akamwona, akaandika, "Fisi ananyata." Tii-tii! ikalia simu iliyoning'inia chini ya kidevu cha Fisi. Digidigi huyoo.

Fisi akaenda kwa Kanga. Akanyata, akanyata, akanyata. Tumbili akamwona, akaandika. Tii-tii! Kanga huyoo.

Akapanda majabalini. Akanyata, akanyata, akanyata. Tii-tii! Akakuta mawe.

Mkewe akamshauri azime sauti. Fisi akamuuliza, "Na nyumbu akifa?" Maana siku moja moja habari ya mzoga ilikuja kweli, Mama Pimbi alihakikisha hilo. Basi sauti haikuzimwa. Zikaingia salamu, zikaingia habari za waliojifungua, yakaingia na matangazo ya waganga, moja likiahidi kurudisha bahati ya kuwinda. Fisi akakonda mpaka mbavu zikawa zinaonekana hata akiwa amekaa gizani.

Mwisho akarudi mkutanoni. Akaomba njia ya meseji irudishwe kama ilivyokuwa.

"Mimi naona ibaki hivi hivi," Mama Pimbi akasema. "Hakuna aliyelalamika."

"Nalalamika mimi."

"Shemeji, wewe ulisema haitumiki."

Fisi akafungua kinywa ajibu. Tii-tii! Akafunga. Akafungua tena. Tii-tii!

"Inatumika," akasema.

Nungunungu akamwomba aseme kwa sauti, yeye apate kuandika vizuri.

"Inatumika kuliko kitu chochote mlicho nacho humu. Nirudishieni usingizi wangu."

Mama Pimbi angeweza kuendelea kukataa. Lakini Tai naye alikuwepo angani, na meseji za kumwonya juu ya Tai zilikuwa zinamfikia Fisi, ambaye hakuwa na haja nazo. Akakubali. Akaahidi pia kwamba wenye vitochi watapokezana kufuta matangazo ya waganga, Nungunungu apumzike. Nungunungu akaandika mbele ya wote kwamba njia ya meseji imerudishwa kwa ombi la Bwana Fisi, kisha akaifungua.

Meseji ya kwanza kupita iliingia kwenye vitochi vyote kwa pamoja, tii-tii, tii-tii, kutoka korongoni hadi juu ya majabali. Ilikuwa ya Kanga. Aliandika, "Fisi anatoka mkutanoni. Ana njaa sana."

Watoto wa Pimbi wakaingia ndani. Yule mdogo, anayechechemea, aliingia wa kwanza.

Fundisho la hadithi hii ni kwamba tamaa ni kitu kizuri. Bila tamaa ya Fisi, majabali yangekosa mawasiliano mpaka leo. Kwa hiyo, watoto, kuweni na tamaa, ila msizime sauti.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeiona fupi aongeze.
— Na anayeiona ndefu?
Apunguze, lakini aulize kwanza.