Kindi na Kutu ya Pembe za Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, zama ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao, milango yao na majirani wao wa kuwachosha roho, aliishi fundi seremala mmoja, mjane, jina lake Bi Kindi. Mwili wake ulikuwa mdogo kuliko mkia wake. Lakini zana zake, jamani, zana zake zilikuwa na heshima kuliko madiwani wengi.

Bi Kindi hakununua kitu kwa kuvutiwa na rangi ya mpini. Akienda sokoni kutafuta msumeno, aliukunja kidogo, akauachia, akatazama kama unarudi kunyooka. Halafu aliupiga kwa ukucha, ting, akausikiliza kwa sikio moja huku muuzaji akinung'unika. Ukilia vizuri, anachukua. Ukilia kama sufuria, anashukuru na kwenda zake.

Na kila kilichoingia kwake kilikuwa na kigingi chake ukutani. Randa hapa, patasi pale, nyundo pembeni, keekee ya kutobolea mbao juu yake. Jioni alivifuta vyote kwa kitambaa chenye mafuta ya ufuta, akavitundika, ndipo akala. Watoto wake walijua kwamba kigingi kikiwa kitupu, mama hapati usingizi.

Sasa mwaka ule vigingi viwili vilikuwa vitupu. Cha msumeno na cha tezo.

Maana kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Jirani akija kuazima kitu, humnyimi, ni aibu. Na ukikitaka, unakifuata mwenyewe. Na ukikifuata, aliyekiazima hukupa kazi kwanza. "Madhali umekuja," atakwambia, "nisaidie hapa kidogo." Basi mtu aliazimisha jembe lake, akaenda kulifuata, akajikuta analima shamba la mwenzake kwa jembe lilelile.

Msumeno ulikuwa kwa Bwana Nyati. Tezo ilikuwa kwa Fisi. Na Bi Kindi alivihitaji kuliko wakati wowote, kwa sababu mti mzee aliokuwa akiishi ndani yake ulikuwa umeoza na kuanguka, na yeye alikuwa amesimamisha nyumba ya mbao. Kuta zilikuwa tayari. Paa lilikuwa bado. Na huko milimani mawingu ya masika yalikwisha kuanza kujikusanya, meusi ti.

"Mama," aliuliza Siwatu, binti yake mkubwa, "mvua ikija leo tutalala wapi?"

"Leo haiji," alisema Bi Kindi. Lakini moyo ulimuuma, maana hakuwa na uhakika hata kidogo.

Akaenda kwa Nyati. Akamkuta amejilaza kivulini, na msumeno wake, uhai wake, umeegemezwa kwenye mgomba, nje, kwenye umande, umekuwa mwekundu kwa kutu.

"Bwana Nyati, nimefuata msumeno wangu."

"Sijamaliza nao," akasema Nyati. "Lakini madhali umekuja, hebu nitoe kupe mgongoni. Mimi sifiki."

Na mgongo wa Nyati si mgongo wa sungura. Bi Kindi alitoa kupe mpaka vidole vikafa ganzi, na msumeno hakupewa.

Akaenda kwa Fisi.

"Tezo?" Fisi akashangaa. "Si nilikurudishia zamani? Unazeeka, dada yangu. Kunywa maziwa."

Mpini wa tezo ulikuwa umechungulia chini ya kitanda, umejaa mafuta ya mifupa, maana Fisi alikuwa akipasulia mifupa kwa tezo ya kuchongea nguzo. Bi Kindi aliuona. Lakini utamwambia nini mwenye meno kama yale, ukiwa nyumbani kwake, na mlango uko nyuma yake? Akaaga.

Alirudi kwake machozi yanamlengalenga. Akaketi chini ya kuta zisizo na paa, akachukua randa aifute, apate angalau kutuliza mikono. Pembeni mwa chuma cha randa aliona doa dogo la kutu. Akalisugua kwa majivu, likatoka. Akatazama kidole chake. Kilikuwa chekundu.

Akakitazama tena, akatabasamu. Wekundu ule alikuwa ameuona mahali.

Mnajua Nyati anapenda nini? Nyati anapenda kugaagaa. Na bwawa la kijiji kile lilikuwa na udongo mwekundu. Kila mchana Nyati alitumbukia humo, chubwi, akagaagaa, akatoka na kujianika. Tope la mwilini alilikung'uta. La kwenye pembe lilikauka na kubaki, na yeye hakuwahi kulijua, maana nani anaziona pembe zake mwenyewe?

Kesho yake Bi Kindi akabisha hodi kwa Nyati, uso wa huzuni kama wa mtu aliyetoka msibani.

"Kama ni msumeno, sijamaliza," akasema Nyati kabla hajaamkiwa.

"Sikufuata msumeno, Bwana Nyati. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini? Nimefiwa?"

"Bado."

Nyati akainuka. "Bado vipi?"

"Pengine macho yangu tu. Hebu inama niguse pembe."

Nyati akainama. Bi Kindi akapitisha kidole kwenye pembe. Akaenda kwenye mgomba, akapitisha kidole cha mkono wa pili kwenye msumeno. Akarudi, akavinyoosha vyote viwili mbele ya pua ya Nyati.

"Hiki kimetoka kwenye msumeno. Hiki kimetoka kwenye pembe yako. Niambie tofauti."

Nyati akatazama huku. Akatazama kule. Akameza mate, gudu.

"Hakuna."

"Mimi sijasema kitu," akasema Bi Kindi.

"Ni kutu?"

"Wewe ndiye uliyeitaja, Bwana Nyati. Mimi ni seremala, si mganga."

"Lakini kutu ni ya chuma."

"Ilikuwa ya chuma. Ikakaa hapa kwako, nje, haifutwi, haipakwi mafuta. Ungekuwa wewe ni kutu, umeshakula msumeno umemaliza, na jirani yako wa karibu ana pembe nene, nzuri, ungefanya nini?"

Nyati akakaa chini, pu. Kuku wa jirani wakakimbia.

"Na chuma kikishaliwa na kutu huwaje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hukatika."

"Na nyati asiye na pembe huitwaje?"

Bi Kindi akafikiri. "Sijui. Labda punda."

Loo, hapo ndipo Nyati aliposhikwa na hofu ya kweli. Nyati mzima, aliyekuwa akiwatisha simba, akamshika Bi Kindi mkia na kumwambia, "Dada yangu, niokoe. Sitaki kuitwa punda."

Bi Kindi akamweleza dawa. Achukue mchanga laini na majivu. Ausugue msumeno kwanza, jino kwa jino, halafu asugue pembe kwa majivu yaleyale. Kisha vyote avipake mafuta ya ufuta. Na akishamaliza aupeleke msumeno kwa mwenyewe na kuutundika kwenye kigingi chake, maana dawa hii haifanyi kazi kwa kifaa kilicholala ugenini.

Kwaru kwaru kwaru, Nyati akasugua. Hakuwahi kufanya kazi namna ile tangu azaliwe. Alipojitazama kwenye beseni la maji, akaona pembe nyeusi, zinang'aa, hazina hata doa. Akacheka peke yake. Akauchukua msumeno kwa mdomo, akakimbia nao njia nzima.

Bi Kindi akaupokea. Akaupiga ukucha, ting. Bado ulikuwa na sauti yake. Machozi yalimtoka, akajifanya ni vumbi la mbao.

"Nimepona, sivyo?" akasema Nyati.

"Umepona. Na madhali umekuja, nishikie huu mti wa paa, upande ule, juu kabisa."

Nyati akaushika. Angekataaje, wakati maneno yenyewe ni yake? Bi Kindi akapanda, akaanza kukata mbao, na watoto wakawa wanapokeana vipande huku wakiimba.

Mara Fisi akapita.

"Bwana Nyati," akasema, "tangu lini umekuwa kibarua wa wanawake?"

"Tangu nilipopona," akajibu Nyati, akamsimulia yote, pembe, kutu, majivu, na ile habari ya punda.

Fisi hakuwa mjinga. Akaangua kicheko. "Pembe zipate kutu? Wewe, hilo ni tope. Na mimi sina hata pembe."

Bi Kindi, kule juu, akausimamisha msumeno. Nyati akigundua amechezewa, atashusha ile nyumba kwa kichwa, kuta na kila kitu, na mvua iko mlangoni. Lakini ulimi wake haukusimama.

"Ni kweli huna pembe, kaka Fisi," akasema. "Hebu cheka tena kidogo."

Fisi akacheka. Bi Kindi akainama kumtazama mdomoni. Akamtazama Nyati. Nyati naye akainama, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna nini?" akauliza Fisi.

"Yana rangi ya kahawia," akasema Nyati kwa huzuni. "Zangu zilianza hivyohivyo."

Fisi akafunga mdomo. Akaongea kwa kubana midomo. "Meno yangu yako hivi siku zote."

"Na pembe zangu nilidhani ziko vile siku zote."

"Msimtishe bure," akasema Bi Kindi. "Kaka Fisi hana wasiwasi wowote. Kutu humpata anayekaa na kifaa cha mwenzake. Na yeye tezo yangu alinirudishia zamani, aliniambia mwenyewe. Sivyo, kaka?"

Fisi akajikuna shingo.

"Ndiyo. Nilirudisha." Akazidi kujikuna. "Lakini, kwa mfano tu, mtu akidhani amerudisha, kumbe hakurudisha?"

"Akikumbuka kabla mvua haijanyesha, hupona. Unyevu ndio unaokuza kutu."

Fisi akatazama mawingu. Akaaga kwa adabu. Akatembea taratibu mpaka kwenye kona, na alipoona hawamwoni tena, akatimua mbio, vumbi tupu.

Hakuchelewa kurudi. Tezo inang'aa. Meno ameyasugua kwa mkaa mpaka fizi zinamuuma.

"Nimeiokota njiani," akasema.

"Ahsante, kaka. Itundike kwenye kigingi kile cha mwisho. Halafu madhali umekuja, nishikie ule upande mwingine, mti usije ukamwelemea Bwana Nyati peke yake."

Basi mmoja akashika huku, mwingine akashika kule, na kale kakindi kakawa kanachonga na kupigilia katikati, ko ko ko. Mbao ya mwisho ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mahali pake mvua ilipoanza. Watoto wakaingia ndani, wakatega mikono chini ya paa, wakangoja tone. Halikuja hata moja.

Mvua ilipokatika, Nyati alisahau yote akaenda bwawani. Chubwi. Akagaagaa, akatoka, akajianika. Na akiwa njiani kurudi, watoto wa Ngiri wakamwambia, "Mjomba, pembe zako nyekundu."

Bi Kindi alisikia kishindo kikija kutoka mbali, nyumba ikitetemeka. Akajua sasa mambo yameharibika. Akawasogeza watoto nyuma yake, akafungua mlango mwenyewe.

"Imerudi," akasema Nyati akihema. "Na msumeno wako sinao tena. Kwa nini imerudi?"

Bi Kindi akashusha pumzi ndefu.

"Nyumbani kwako hamna kitu cha mtu mwingine, Bwana Nyati?"

Nyati akafikiri. "Lipo shoka la Nungunungu," akasema polepole. "Na jembe la Ngiri. Na ngazi. Ngazi simkumbuki mwenyewe."

Hakungoja kujibiwa. Na Fisi, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akaondoka kimyakimya, kwa sababu kwake palikuwa na chumba kizima.

Siku ile, wanangu, kijiji chote kilisikika kwaru kwaru kwaru. Nungunungu alilipata shoka lake, akalipiga busu. Ngiri alipata jembe alilokuwa amekwisha kulisahau, akalima mpaka ukingo wa mto kabla ya mvua za pili. Nyati alipomaliza kurudisha vya watu, alimwomba Bi Kindi amsindikize sokoni, akachagua msumeno wake mwenyewe, akaukunja na kuusikiliza kwa sikio moja kama alivyofundishwa. Akaupigia kigingi nyumbani kwake. Anaupaka mafuta kila jioni, na pembe pia, kwa usalama.

"Mama," Siwatu aliuliza wakati wa chakula, "hivi kweli pembe hushika kutu?"

"Za anayekaa na cha mwenzake hushika," akasema Bi Kindi. "Kula, wali unapoa."

Nami naishia hapo, wanangu, na aliyeazima mwiko wangu wa kupikia aurudishe leo: kitu cha kuazima kitunze kuliko chako, na kirudishe kabla mwenyewe hajakufuata.