Mwandishi wa Ukurasa wa Pampu

Kwaa! Kishindo kimoja kilisikika usiku, na pampu ya kisima cha mji ikanyamaza. Mafundi walifungua ukurasa wa pampu katika kompyuta za shirika la maji, wakafuata maelekezo, na alfajiri maji yakarudi.

Bodi ikataka kumpongeza mwandishi. Mkurugenzi Mkwizu akamwita mhariri wa kurasa za shirika, binti ambaye yeye Mkwizu, tangu amwajiri, hakuwahi kumtaja kwa jina.

"Wewe binti, futa jina lako, weka langu."

"Tayari, mheshimiwa. Nimeuboresha pia, nimeongeza mstari mmoja. Utausoma kabla ya kuuidhinisha?"

"Nisome? Kusoma ni kazi ya wadogo!" Akabonyeza, akaidhinisha, akajipongeza kwa chai na sambusa.

Pampu ilipokwama tena na maelekezo yakashindwa, mafundi waliingia kwenye kikao cha Bodi wakiwa na kamba na mabuti.

"Ya nani hayo?" akauliza Mkwizu.

"Yako, mheshimiwa. Ukurasa wako unasema: maelekezo yakishindwa, mwandishi ateremshwe kisimani, akaonyeshe mwenyewe."

Bodi nzima ikamsindikiza. Kamba ilipombana kiunoni, juu ya shimo lenye giza, mkubwa yule akalia kama mtoto:

"Si mimi! Aliyeandika ni Mwanaidi Chambega!"